Goma hadi Rwenzori: kupanda mlima wetu kwa mlango wa jirani

Tangu nirudi Goma mapema Agosti 2024, kila ninayekutana naye ananiuliza jambo lile lile: kwa nini uende Uganda kuona Rwenzori, na mlima huo uko kwetu pia? Jibu ni fupi. Upande wetu, wa Congo, ni sehemu ya Hifadhi ya Virunga, na njia yake huanzia Mutwanga, eneo la Beni. Kwa usalama wa mwaka ule wa 2024 huko hapakupandika, na kutoka Goma hata kufika Rutshuru tu ulikuwa mtihani. Basi tukazunguka: Rwanda, kisha Uganda, kisha juu. Haya nimeyaunga kutoka kwenye daftari lililolowa, picha za simu, na kumbukumbu ya binamu yangu, ambaye husahau mandhari lakini hasahau bei.

Mambo mawili myajue mapema. Mimi ni mwalimu wa biolojia, na mama yangu ni mtu wa Butembo, kwa hiyo Kinande ninakisikia vizuri kuliko ninavyokisema. Pia hatukufuata kilele cha Margherita, kile cha mita 5,109. Kilele kinataka kamba, vyuma vya kufunga kwenye viatu, na pesa nyingi. Nilichotaka ni mimea: nione kwa macho yangu vitu ambavyo nimekuwa nikivichora ubaoni kwa chaki.

Jumatatu 22 Julai. Goma hadi Kabale

Pikipiki kutoka mtaa wa Himbi hadi Grande Barrière, mpakani na Rwanda, ilikuwa faranga 1,500 kwa kila mmoja, mzigo ukiwa mgongoni. Tulipitia Birere kutafuta jibini la Masisi. Lilikuwa limepanda, maana njia ya Sake ilikuwa imekatika na maziwa yanatoka huko. Tulichukua maduara mawili hivyo hivyo, na kule juu hakuna chakula kilichotufaa zaidi: haliharibiki kwenye baridi, linashibisha, na kila unayemkatia kipande anakuwa rafiki yako.

Makoti yalitoka kwa binamu. Anauza mitumba soko la Virunga, akatuchagulia mawili ya kuzuia mvua, sweta za sufu, glavu na kofia za kufunika masikio. Anayetaka kwenda afanye vivyo hivyo kabla ya kufikiria kukodi. Fungu la mitumba la Goma lina nguo za baridi ambazo hapa mjini hakuna anayezitaka.

Kwa wanaoanzia kwetu: kile kikaratasi cha kuvuka kwenda Gisenyi na kurudi hakikufikishi mbali. Beba pasipoti, na ile kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Sisi tuliulizwa kadi kabla hata ya kusalimiwa.

Kutoka Gisenyi tulipanda basi hadi Musanze, halafu gari dogo hadi Cyanika. Barabara ni lami safi mpaka mpakani, na volkano zote zinakuandama upande wa kushoto. Baada ya Kisoro njia inapanda kwa kona zisizoisha. Pale juu dereva alisimama ili abiria mmoja atapike, nasi tukapata nafasi ya kugeuka na kuona Muhabura, Gahinga na Sabinyo zikiwa zimesimama kwa mstari. Kabale tulifika usiku. Mji uko karibu mita 2,000, na binamu alianza kuvaa koti la mlimani pale pale mezani, mbele ya sahani ya matoke na mchuzi wa karanga. Chumba cha watu wawili kilikuwa shilingi 30,000 za Uganda.

Jumanne 23 Julai. Kabale hadi Ibanda

Hadi Mbarara hakuna la kusimulia. Baada ya Ishaka basi lilikufa. Kondakta alisema ni dakika kumi. Tulikaa pale mpaka kivuli cha basi kikahamia upande wa pili wa barabara. Mama mmoja aliyekuwa anapeleka mananasi Kasese alifungua gunia lake, akayakata, akagawia watu wote, watoto kwanza. Binamu alipotoa noti, mama alimtazama mpaka akairudisha mfukoni.

Tulipoondoka tena jua lilikuwa limelegea, na tukavuka daraja la Katunguru juu ya mfereji wa Kazinga wakati tembo walikuwa wanasogea majini. Baada ya kizuizi cha askari na ukaguzi wa vitambulisho tukaingia Kasese, na joto. Hili mlijue: njia ya kwenda kwenye barafu inapita kwenye tambarare yenye jua kali kuliko siku yoyote ya Goma. Kasese iko kama mita 950 tu juu ya bahari, na mlima unaanza kuinuka pembeni mwa mji. Lakini hauonekani. Tuliona vilima vya chini, kisha ukuta wa mawingu. Wenyeji walituambia ni kawaida, hata wiki inaweza kupita.

Pikipiki ilitufikisha Ibanda gizani. Tulilala kwenye nyumba ya wageni yenye neti nzima na maji ya moto ya ndoo.

Jumatano 24 Julai. Nyakalengija

Siku ya karatasi. Ada ya hifadhi, kiongozi, wachukuzi na vibanda vya kulala vyote hupangwa hapa chini kabla ya kuondoka. Bei ya raia wa Afrika Mashariki si sawa na ya mgeni anayetoka mbali. Congo iliingia katika Jumuiya mwaka 2022, na binamu alikuwa amelikariri hilo tangu Musanze. Mjadala ulikuwa mrefu, wa heshima, na uliisha kwa maelewano. Anayekuja ajue bei hubadilika. Aulize kwa simu kabla, na aulize bei hiyo inajumuisha nini, maana chakula cha wachukuzi wakati mwingine kimo na wakati mwingine hakimo.

Kodi gambuti. Buti za ngozi za kupandia milima zinapendeza kwenye picha, lakini Rwenzori hupandwa kwa buti ndefu za mpira. Chukua namba moja zaidi ili soksi mbili ziingie.

Mchana tulikula kwa mama mmoja mwenye hoteli ya mabati karibu na lango. Alituuliza jambo kwa Kikonzo, nami nikajibu kwa Kinande kabla sijafikiri. Alisimama na kijiko mkononi. Wakonzo wa Uganda na Wanande wa kwetu ni watu wamoja waliogawanywa na mstari, na lugha karibu ni ile ile. Akauliza mimi ni mtoto wa kiume wa ngapi. Nilipomwambia wa pili, akasema, "Basi wewe ni Bwambale." Kwetu huyo ni Kambale. Mzaliwa wa kwanza kwao ni Baluku, kwetu Paluku. Alituletea obundu, ugali wa muhogo, na samaki wa Ziwa George, na tulipouliza deni akasema mtoto halipi kwa mama yake. Wasingya, mama. Asante.

Alhamisi 25 Julai. Nyakalengija hadi Nyabitaba

Nyakalengija ni mita 1,600 na kidogo, karibu sawa na Goma. Nyabitaba ni mita 2,651. Kiongozi wetu aliitwa Mzee Baluku (bila shaka, mzaliwa wa kwanza), mtu mwembamba anayetembea polepole sana na ambaye huwezi kumpita.

Njia inafuata mto Mubuku kupitia mashamba ya kahawa, kisha msitu. Huu bado si msitu wa baridi. Kuna kangaga warefu kuliko mtu na migomba mwitu. Mbega weusi wenye mabega meupe waliruka juu yetu bila kujali. Baadaye Mzee Baluku alitusimamisha kwa mkono: ndege wa kijani na buluu alikuwa anakimbia juu ya tawi, na aliporuka mabawa yakawa mekundu ghafla. Ni shorobo wa Rwenzori. Jina lisikudanganye, hata Kahuzi kule Bukavu yupo. Anaishi kwenye milima ya Bonde la Ufa la Albertine tu, pande zote za mipaka.

Kinyonga wa pembe tatu alikuwa kwenye kichaka kando ya njia, dume, pembe zimeelekea mbele. Nilipiga picha nyingi. Binamu alipitia upande wa pili wa njia, mbali, na hakugeuka. Kwetu kinyonga haguswi na hazungumzwi, na elimu yangu yote haikumsogeza hatua moja.

Usiku kitu kilianza kupiga kelele nje ya kibanda: mlio mkavu unaopanda, unakatika, halafu kama mtu anayekabwa. Binamu alikaa kitandani. Ni perere tu, mnyama mdogo wa kukaa mkononi, jamaa wa mbali wa tembo. Hapa Rwenzori perere hupanda mpaka juu kusiko na miti mirefu na kukaa kwenye miamba. Chui humwinda, na kinyesi cha chui tulikiona kesho yake njiani, kimejaa manyoya.

Ijumaa 26 Julai. Nyabitaba hadi kibanda cha John Matte

Siku ndefu kuliko zote. Kwanza unashuka, jambo linaloudhi, hadi daraja ambapo mito Bujuku na Mubuku inakutana. Kisha mianzi. Mianzi ikinyeshewa inateleza chini na inadondosha maji shingoni. Mvua ilianza saa tano asubuhi na haikuacha.

Julai ni kiangazi hapa, na bado ilinyesha. Miezi mizuri ni Juni hadi Agosti, na tena mwishoni mwa Desemba hadi Februari, lakini "nzuri" maana yake ni mvua pungufu. Asubuhi anga huwa wazi. Jua likipasha mabonde, hewa yenye unyevu inapanda, na kufikia mchana mlima umejifunika. Ondoka mapema. Funga vitu kwenye mifuko ya plastiki ndani ya begi. Kifuniko cha nje hakitoshi. (Mifuko hiyo Rwanda imepigwa marufuku, nunua ukifika Uganda.)

Juu ya mianzi dunia inabadilika. Miti ya erika, ambayo sehemu nyingine ni kichaka cha kiunoni, hapa inapita mita kumi, imepinda, na kila tawi limebeba ndevu za kijivu zinazoning'inia na tabaka nene la kuvumwani, ile mimea midogo laini inayofunika miti na mawe, ya kijani, ya manjano, hata nyekundu. Unakanyaga unachodhani ni ardhi, mguu unazama hadi gotini. Kumbe ni magogo yaliyooza na kufunikwa. Binua konzi moja ya kuvumwani: maji yanachuruzika. Hapo ndipo mvua ya mlima inapohifadhiwa.

Jambo moja lilinigusa kama mtu wa Goma. Nilizoea kwamba mlima mrefu ni volkano: Nyiragongo, Nyamulagira, Karisimbi. Rwenzori si volkano. Ni pande la mwamba wa kale lililosukumwa juu wakati Bonde la Ufa lilipopasuka, na ndiyo maana njiani mawe yanametameta, yana vipande vinavyong'aa. Hakuna hata jiwe moja jeusi la kwetu lenye matundu. Binamu aliokota moja ili alione vizuri, na Mzee Baluku akamwambia alirudishe. Hifadhi ni hifadhi.

Kibandani, karibu mita 3,400, kichwa kilianza kunigonga. Mpishi alinipa supu ya vitunguu saumu na kunikataza kulala kabla ya kuimaliza.

Jumamosi 27 Julai. Kupitia Bigo hadi Bujuku

Kinamasi cha Bigo kina sifa mbaya, na inastahili. Sehemu kubwa sasa ina njia ya mbao, lakini mbao nyingine zimeoza, na pasipo na mbao unaruka juu ya mashungi ya nyasi ngumu, aina ya ndago mkubwa, ambayo yanakua yamesimama peke yake katikati ya matope. Shungi moja linabeba mguu mmoja. Ukikosa, unaingia hadi pajani. Mchukuzi aliyebeba kilo zisizopungua ishirini zetu alivuka akizungumza, hakutazama chini.

Katikati ya kinamasi zinasimama lobelia. Wanafunzi wangu wanajua lobelia ndogo za bustani, maua ya buluu kwenye mkebe. Hizi shingo zao zinapita urefu wa mtu. Aina ya kinamasi ina duara la majani yaliyopangwa vizuri, ya zambarau na kijani, na ndani ya duara kuna maji. Aina ya juu zaidi, ile ya majani membamba, ina mnara wa maua uliofunikwa manyoya ya kijivu. Chozi wa kijani mwenye mkia mrefu alikuwa anaingiza mdomo kati ya manyoya hayo, ua moja baada ya jingine, akitoka na chavua kichwani. Katika baridi hii wadudu ni wachache, na ndege ndiye anayefanya kazi ya nyuki.

Kisha Ziwa Bujuku, jeusi, na msitu wa senesio kulizunguka. Hapa nilikaa chini, nikawaacha wenzangu watangulie. Senesio wa mlimani ni jamaa wa alizeti, lakini amekuwa mti wa mita kadhaa, shina nene, matawi machache, na kila tawi linaishia kwa kichwa cha majani makubwa. Majani yakifa hayadondoki. Yanabaki yameshikilia shina, tabaka juu ya tabaka, kama mzee wa Lubero aliyevaa makoti yake yote kwa pamoja. Nilipenyeza vidole ndani ya majani hayo makavu. Kulikuwa na ujoto kidogo kuliko nje. Maji yaliyo ndani ya shina yakiganda usiku, asubuhi mti unaweza kufa kiu huku jua likiwaka. Makoti hayo ndiyo yanayouponya.

Bujuku ni karibu mita 3,960. Hesabu ninayowapa wanafunzi: kila mita mia unazopanda, joto linapungua kwa takriban nyuzi 0.6. Goma iko mita 1,500, na wastani wake ni kama nyuzi 20. Toa mwenyewe. Jibu ni nyuzi tano, na huo ni wastani wa mchana na usiku.

Jumapili 28 Julai. Bujuku hadi Kitandara

Niliamka kabla ya jua ili nione jambo hili, na kama mkienda muamke pia, hata kama miguu inakataa.

Nyota zilikuwa nyingi, hakuna wingu, na ndiyo sababu kulikuwa na baridi kali hivyo: hakuna kilichozuia joto la ardhi kuondoka. Maji ya ndoo yalikuwa na ganda la barafu. Udongo wa njiani ulikuwa umeinuliwa na sindano nyembamba za barafu zilizosimama wima, na zilivunjika chini ya gambuti. Sindano hizo kila usiku huinua udongo na kila mchana huuangusha. Mche mdogo ukiota hapo unang'olewa mizizi. Ndiyo maana kwenye udongo mtupu hakuoti kitu, na mimea mingi michanga ya huku imejificha ndani ya kuvumwani.

Senesio walikuwa wamefumba. Yale majani makubwa yaliyokuwa wazi jana sasa yalikuwa yamekunjwa kuelekea katikati, yamekizunguka kichipukizi. Lobelia walikuwa na kifuniko cha barafu juu ya maji yao. Mzee Baluku alikigonga kwa kidole, akakivunja, akaniambia niingize mkono: chini ya barafu maji yalikuwa bado maji, na chipukizi liko humo. Jua lilipofika, majani yakaanza kufunguka. Kufikia saa tatu tulikuwa tumevua sweta, na saa nane tulikuwa tunatetemeka tena ndani ya ukungu. Ulaya mmea unasubiri miezi ili majira yageuke. Huku majira hugeuka kila siku, na hakuna mmea unaoweza kumwaga majani yake yote jioni ili yaote asubuhi.

Njia ya Scott Elliot, pengo la kupita kati ya vilele, ni mita 4,372. Ni mawe, minyororo sehemu mbili tatu, na pumzi fupi. Mawingu yalifunguka kwa muda mfupi upande wa mlima Stanley, tukaona barafu: ukanda mweupe uliochafuka, mdogo kuliko nilivyotarajia. Mzee Baluku alinyoosha fimbo kuonyesha mwamba mtupu chini yake. Alipoanza kazi, alisema, hapo ndipo walipokuwa wakifunga vyuma kwenye viatu.

Vipimo vinamuunga mkono. Mwaka 1906, Duke wa Abruzzi kutoka Italia alipopanda vilele hivi, barafu ya Rwenzori ilikuwa imeenea kilomita za mraba sita na ushee. Kufikia 2003 ilikuwa imepungua hadi chini ya kilomita moja ya mraba. Wakonzo wanasema Kitasamba, mungu wao, anakaa kwenye theluji hiyo, na nilimuuliza mzee atakaa wapi ikiisha. Alijibu kwamba swali hilo wazee wa chini wanaliuliza pia, na akaendelea kupanda.

Nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi kwamba barafu ikiisha mito itakauka, maana ndivyo inavyosemwa kila mahali. Lakini waliopima mto Mubuku walikuta mchango wa barafu kwenye maji yake ni mdogo mno, hauzidi asilimia mbili. Mto unalishwa na mvua, na mvua inashikiliwa na vinamasi na kuvumwani. Mimi ningelia kwa sababu ya barafu, lakini ningelinda Bigo.

Jioni, Kitandara. Maziwa mawili madogo chini ya ukuta wa mlima Baker, lobelia hadi ukingoni. Nilifungua ramani na kuona nilichokuwa sijakiona nyumbani: mgongo wa mlima tulikuwa tumeshauvuka. Maji ya Kitandara hayaendi Kasese. Yanashuka magharibi, yanaingia mto Butahu, yanafika Semuliki, Congo. Tulikuwa bado Uganda kwa mujibu wa pasipoti, lakini maji tuliyochemshia chai yalikuwa yanaelekea kwetu. Binamu alidai basi chai ile isilipiwe kwa shilingi.

Jumatatu 29 Julai. Freshfield, Bujongolo, kibanda cha Guy Yeoman

Njia ya Freshfield, pengo jingine la kuvukia, ni mita 4,282, na asubuhi ile ilikuwa wazi. Upande wa magharibi mlima unaporomoka moja kwa moja hadi bonde la Semuliki, kijani kizito, na ng'ambo yake, mbali, safu za buluu za Lubero. Binamu alikuwa na laini ya Congo ndani ya simu, na mtandao ulishika. Alimpigia mke wake Goma kutoka juu ya mlima wa Uganda kwa bei ya simu ya nyumbani. Mke alitaka kujua kama amelipa kodi ya kibanda cha sokoni. Hakuwa amelipa.

Chini ya Freshfield kuna Bujongolo, mwamba mkubwa uliolala na kuacha nafasi kavu chini yake. Hapo ndipo msafara wa 1906 ulipoweka kambi, na mpiga picha wake Vittorio Sella alipiga picha ambazo leo zinatumika kulinganisha barafu ya wakati ule na ya sasa. Wakonzo walibeba mizigo yao. Wachukuzi wetu walikula viazi pale, wakaweka moto wa jiko la gesi kwenye kona iliyokuwa bado nyeusi kwa moshi wa zamani. Kukata kuni siku hizi ni marufuku, na ni sawa: senesio hukua polepole mno.

Baada ya hapo ni matope tu mpaka kibandani. Kando ya njia kulikuwa na yale maua meupe makavu ya karatasi, ambayo hufumba mvua ikija na hayanyauki hata ukiyakausha. Glavu zangu zilikuwa zimelowa zote. Mchukuzi mdogo kuliko wote alinivulia zake bila neno na kutembea na mikono mfukoni.

Jumanne 30 Julai. Kushuka

Kutoka Guy Yeoman hadi Nyakalengija kwa siku moja inawezekana, lakini magoti yatakulaani. Mkipata nafasi lala Nyabitaba. Tulifika langoni jioni, tukatoa zawadi za wachukuzi kwenye bahasha (ziandae mapema, noti ndogo, kila mtu na yake), na duara la mwisho la jibini tukampelekea mama wa hoteli. Alilinusa, akauliza ni sabuni ya wapi, kisha akala robo nzima akiwa amesimama.

Jumatano 31 Julai na Alhamisi 1 Agosti. Kurudi

Basi halikuharibika safari hii. Kabale, Cyanika, Musanze, Gisenyi, usingizi mwingi. Usafiri wa kwenda na kurudi, kulala na kula nje ya mlima, ulitugharimu kwa kila mmoja chini ya dola mia moja. Kinachokula pesa ni mlima wenyewe. Badilisha faranga kuwa shilingi za Uganda Kisoro au Kabale, si mpakani, ambako vijana wanahesabu haraka kuliko wewe.

Kausha gambuti na nguo kabla ya kufungasha, la sivyo begi lote litanuka Bigo kwa mwezi. Langu bado linanuka. Binamu anataka turudi kiangazi cha Januari, mara hii na kilele, na tayari amewaahidi watu wawili wa mtaa. Nimemwambia aanze kwa kuuza makoti, kisha alipe ile kodi ya kibanda.